Mwacheni Kijana Achore

Leo sina neno la kubembeleza. Ukitaka la kubembeleza, rudi kesho.

Juzi mama mmoja wa kanisa letu alinipigia simu akilia. Kijana wake ni mchoraji. Vijana wenzake wa mtaa wanasafisha mto uliojaa taka, wakamwomba achore kwenye ukuta ulio kando ya daraja ili watu waone aibu kutupa taka pale. Ana siku tatu anachora. Mama anataka tufunge na kuomba, hiyo roho ya kuchora kuta imtoke. Nikamuuliza, "Mama, na lile bango la mkutano wa injili alilotuchorea mwezi wa nne, alilichora kwa roho gani?" Akanyamaza.

Mpendwa, huo ukimya ni wetu sote. Kipawa kikiwa ndani ya kanisa tunakiita upako. Kikivuka lango tunakiita dunia.

Fungua Kutoka 31. Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda, ni miongoni mwa watu wa kwanza kabisa ambao Biblia inasema wazi kwamba Mungu aliwajaza Roho wake. Hakuwa nabii. Hakuwa kuhani. Alikuwa fundi wa dhahabu, fedha, shaba, mawe na mbao. Ukiendelea hadi sura ya 35 utaona Mungu alimpa yeye na Oholiabu moyo wa kufundisha wengine pia.

Najua utasema, "Pasta, hiyo ilikuwa kazi ya hema ya kukutania, nyumba ya Mungu." Haya, twende Ezekieli 4. Mungu anamwambia nabii achukue tofali, achore juu yake mji wa Yerusalemu, auzingire, aweke bamba la chuma katikati, kisha alale kwa ubavu mmoja siku 390. Hicho ni nini kama si kichekesho machoni pa wapita njia? Ni mchezo wa kuigiza, na hakuuigiza hekaluni. Alikuwa uhamishoni Babeli, katikati ya watu waliokata tamaa. Sisi tungemwacha ahudumu Jumapili kweli? Nadhani tungemwita mbele ya kamati.

Wenye umri wangu mnakumbuka Januari 2008. Uchaguzi ulikuwa umezaa moto, na Kibera ilikuwa inaungua. Kijana msanii anayejulikana kama Solo 7 alichukua rangi na brashi akazunguka Kibera akiandika maneno ya amani kwenye kuta na mabati. Sisi viongozi wa kanisa tulikuwa wapi? Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, lenyewe lilikiri mwaka huo kwamba viongozi wa kanisa walikuwa wameegemea pande za kisiasa, likaomba msamaha. Simnyoshei mtu kidole. Mimi pia niliegemea, na walionisikiliza wakati ule wanajua upande gani. Mwenye mkebe wa rangi alihubiri amani wakati sisi wenye maikrofoni tulikuwa tunahesabu kabila.

Na kule Korogocho, karibu na jaa la Dandora, watoto wa Ghetto Classics wamejifunza vayolini na tarumbeta katika uwanja wa kanisa Katoliki la St John's. Wakatoliki walifungua lango. Sisi tuna kinanda kinacholala chini ya kitambaa Jumatatu hadi Jumamosi.

Halafu kuna pesa, na hapa wengine mtanuna. Mwenye hema tunamlipa. Mwenye viti tunamlipa. Mpishi wa pilau tunamlipa na soda juu. Kijana aliyekesha na kompyuta kututengenezea video tunamwambia Mungu atamlipa. Luka 10:7 haikuandikiwa wachungaji peke yao.

Mwaka 2027 wanasiasa watakuja, na wao hawaulizi kama sanaa ni ya dunia. Watamnunulia kijana wako rangi, watampa lori lenye spika, aimbe jina lao na kuwatukana majirani zake. Na ataimba, kwa sababu wao watakuwa watu wazima wa kwanza kumwambia kipawa chake kina thamani.

Nina la mwisho, na linaniuma. Miaka michache iliyopita tulikuwa na binti katika timu ya sifa. Alikuwa pia na kikundi cha maigizo mtaani. Wakatunga igizo kuhusu mimba za wasichana wa shule, wakaliigiza siku ya soko. Yeye ndiye aliyekuwa msichana mjamzito, amejifunga nguo tumboni. Wazee wakanijia: ameaibisha kanisa. Nikamsimamisha kuhudumu miezi mitatu. Hakurudi.

Mwezi huo huo mwanafunzi wa darasa la nane alikuja ofisini kwangu na shangazi yake, akataja mtu mzima aliyekuwa akimsumbua. Tulienda nao polisi siku hiyo hiyo. Nimehubiri kuhusu usafi wa ujana zaidi ya miaka 15, na hakuna mtoto aliyewahi kunijia na neno kama hilo. Nilimuuliza nini kilimpa ujasiri. Akasema ni yule dada wa sokoni. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia nilichomfanyia yule dada.

Jumamosi hii, saa nane mchana, ukumbi wa kanisa utakuwa wazi kwa vijana wanaochora, wanaoigiza, wanaotunga mashairi, wanaopiga ala, wawe washirika wetu au la. Wazee wameshaambiwa. Kinanda kitafunuliwa. Ule ukuta wa daraja haujamalizika, na kanisa limenunua mikebe miwili ya rangi. Mama yake kijana bado hajafurahi, lakini amesema atapita kuona.

Na wewe binti, kama unasoma hapa, namba yangu ni ile ile. Sikuiti urudi kuhudumu. Nataka kwanza nikuombe msamaha, mbele ya wale wale wazee.