Risiva ya sebuleni: tutazame usikivu kabla ya wati

Ramadhani inapokaribia, familia nyingi hufikiria kununua vyombo vya sauti vya sebuleni, na sababu inayotolewa ni njema: watu wa nyumbani wasikie vizuri darsa, pamoja na Tarawehe inayorushwa moja kwa moja kutoka Makka, ambako saa ni sawa na zetu. Nia hiyo hatuna neno nayo. Tunachotaka kukizungumza wiki hii ni namna fedha ya familia inavyopotea dukani, mnunuzi anapokwenda kutafuta usikivu akarudi na kishindo.

Kiini cha seti hiyo ni risiva. Hatukusudii king'amuzi, ambacho wengi wetu tumezoea kukiita kwa jina hilo hilo, bali ule mtambo unaopokea sauti na picha kutoka kwenye king'amuzi au deki, ukaipeleka picha kwenye televisheni na kuigawa sauti kwa spika. Seti ya kawaida ina spika tano na sabufa moja. Katika hizo tano, inayostahiki kutazamwa kwanza ni ya katikati, ile inayokaa chini ya televisheni, kwa kuwa katika filamu na vipindi vilivyotayarishwa kwa mfumo huo maneno ya wazungumzaji hupitia hapo kwa sehemu kubwa. Bibi anayelalamika kwamba hasikii wanachosema watu kwenye televisheni hahitaji sabufa. Anahitaji spika nzuri ya katikati, na risiva inayoruhusu kuipandisha hiyo peke yake.

Muuzaji, hata hivyo, ataanza na wati. Boksi huandikwa maelfu ya wati kwa kipimo kiitwacho PMPO, hesabu isiyo na utaratibu mmoja unaokubalika, wala haielezi nguvu ambayo mtambo unaweza kuitoa mfululizo. Ulizeni RMS, tena ya kila spika. Na hata wati za kweli haziongezi sauti kama tunavyodhani: kutoka wati 50 hadi 100 ni nyongeza ya desibeli 3 tu, tofauti ndogo sikioni, ili sauti ihisiwe kuwa maradufu, nguvu huhitaji kuongezeka takriban mara 10. Kwa sauti ya mazungumzo, sebule ya kawaida hutumia wati chache mno. Kulipia mtambo mkubwa kwa chumba kidogo, ilhali ada ya madrasa ya watoto inadaiwa, twaona ni israfu, na ni jambo ambalo mume na mke walipaswa kushauriana kabla ya mmoja wao kufika Kariakoo.

Kisha kuna haki ya jirani. Sauti nene za sabufa hupenya ukuta kwa wepesi kuliko sauti nyembamba. Aliye upande wa pili hasikii aya wala mawaidha, husikia mdundo. Imepokewa na Abu Said al-Khudri, katika Sunan ya Abu Daud, kwamba Mtume (s.a.w.) akiwa katika itikafu aliwasikia watu wakisoma Qur'ani kwa sauti ya juu, akafunua pazia na kuwakataza wasiudhiane wala wasipandishiane sauti katika kisomo. Ikiwa hayo ni kwa Qur'ani, tena ndani ya msikiti, sabufa ya filamu saa tano za usiku katika nyumba ya kupanga itatafutiwa udhuru gani? Ndiyo maana tunaitilia mkazo sifa ambayo wauzaji ni nadra kuitaja: hali ya usiku. Hiyo hupunguza tofauti kati ya kelele kubwa na sauti ndogo, maneno yakabaki wazi hata mtambo ukiwa chini. Risiva nyingi zinayo. Mwulizeni muuzaji awaonyeshe.

Kwa upande wa kisomo, jihadharini na yale mapambo ya sauti yanayopewa majina ya kumbi na viwanja. Yanaongeza mwangwi, na sauti ya Msikiti Mtukufu ina mwangwi wake tayari. Ukizidishwa, herufi huingiliana, na mtoto anayejifunza tajwidi hapati kitu. Spika mbili za mbele zinatosha. Nendeni dukani na kisomo mnachokijua vyema, mkisikilize kwa sauti ya chini. Takriban kila mtambo husikika mzuri ukipandishwa.

Wanaonunua mitumba wasome kibao cha nyuma. Vyombo vya Japani hutumia volti 100, vya Marekani 120, na umeme wetu ni 230. Bila transfoma ya kupunguza, chombo huungua siku ya kwanza. Risiva iliyoandikwa ohm 6 hadi 8 isifungiwe spika za ohm 4, kwani itazidiwa na joto. Na kile kitambaa cha kufuma tunachopenda kukitandika juu ya kila kitu sebuleni, hapo kisiwekwe. Matundu ya juu ndiyo yanayotolea joto.