Usitutajie Bahari ya Shamu Tena

Wasee, juzi niliagiza kava ya simu kutoka China. Shilingi mia tatu na kitu. Tangu nibonyeze "lipa" nimekuwa nikiifuatilia kama mgonjwa hospitalini: imetoka ghala Guangzhou, imepanda ndege, imeshuka Nairobi, iko kwa lori, imefika Litein, njoo uichukue. Kava. Ya plastiki.

Siku hiyo hiyo kogo, yaani nyanya yangu, alipeleka kilo 23 za majani mabichi kwenye kituo cha chai hapa Roret. Karani akapima, akampa kikaratasi, lori likabeba. Habari za chai yake zikaishia hapo. Atazisikia tena Oktoba wakati wa bonasi, na atazisikia kama nambari moja tu: shilingi kadhaa kwa kilo, asante, kwaheri.

Sasa mimi naweza kujua kava yangu imelala wapi usiku wa leo, lakini mwanamke aliyechuma chai miaka arobaini hajui kama chai yake ya Machi iliuzwa, ilinunuliwa na nani, au bado iko kwa ghala Mombasa. Hii ndiyo inanichoma. Na kila nikiuliza naambiwa Bahari ya Shamu.

Mnaikumbuka bonasi ya 2025. Ilishuka, na huku kwetu Kericho na Bomet ilishuka vibaya. Karo ya mdogo wangu ilikuwa imepangiwa hiyo pesa, na deni la dukani, na mabati. Tukaenda mkutano. Bwana mmoja mwenye koti zuri akasimama akasema soko la dunia limevurugika, meli hazipiti Bahari ya Shamu. Kogo akainua mkono. Akauliza: "Kijana wangu, chai yangu ilikuwa inaenda wapi hadi ipitie huko?" Watu wakacheka. Bwana naye akacheka, akaenda swali la pili.

Kogo Bahari ya Shamu anaijua ya Musa, aliyeipasua kwa fimbo. Lakini swali lake lilikuwa ndilo swali. Nilirudi nyumbani nikaanza kusoma, na nikagundua watu walicheka kitu ambacho kilifaa kujibiwa kwa dakika kumi nzima.

Tuanze na ukweli wa yule bwana, maana hakudanganya. Kuanzia Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen walianza kushambulia meli, na kampuni kubwa za meli zikaikimbia njia hiyo na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema kule Afrika Kusini. Chai yetu inayoenda Misri inapitia huko. Ya Uingereza pia, kupitia Suez. Ya Sudan inashukia Port Sudan, ambayo iko kwenye bahari hiyo hiyo. Na meli zikitumia wiki mbili zaidi njiani, kontena zinakuwa adimu na nauli inapanda hata kwa anayepeleka mzigo kwingine. Sawa. Hiyo tunakubali.

Lakini mnunuzi wetu mkubwa ni nani? Pakistan. Fungua ramani kwa simu yako sasa hivi. Kutoka Mombasa hadi Karachi unakata Bahari ya Hindi unaenda zako, Bahari ya Shamu unaiacha kushoto. Kilichotusumbua Pakistan ni kitu kingine kabisa. Waliishiwa na dola. Juni 2022 waziri wao Ahsan Iqbal aliwaomba wananchi wapunguze kikombe kimoja au viwili vya chai kwa siku, na mapema 2023 benki zao zilikuwa hazitoi dola za kulipia mizigo, kontena zikakwama bandarini Karachi. Hakuna Mhouthi hapo.

Sudan nayo? Vita tangu Aprili 2023. Halafu Februari 2025 Nairobi ikawapa RSF ukumbi, wakaja kutangaza mipango ya serikali yao, na Machi serikali ya Port Sudan ikapiga marufuku bidhaa za Kenya, chai ikiwemo. Huo ni uamuzi wa watu waliovaa tai hapa hapa Kenya. Mkulima wa Roret hakuulizwa, lakini bili ililetwa kwake.

Na Mombasa kwenyewe. Mnada wa chai wa Mombasa unauza kwa dola, chai ya Kenya na ya majirani. Julai 2021 chai ya wakulima wadogo iliwekewa bei ya chini, dola 2.43 kwa kilo, wazo likiwa kumlinda mkulima. Mimi ningeipigia kura. Lakini wanunuzi walikataa kulipa hiyo bei kwa chai nyingi ya huku magharibi mwa Bonde la Ufa, mifuko ikarundikana maghalani, na chai ikizeeka inashuka thamani. Bei hiyo ikaja kuondolewa. Hapo tena, bahari gani?

Sasa ile ambayo hakuna mtu aliniambia, hii ndiyo iliniweka macho usiku. Januari 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka ilikuwa imeshuka hadi kama 129, na ikakaa hapo. Nairobi walishangilia, na walikuwa na haki, mafuta na madeni ya nje yalipata nafuu. Lakini chukua kilo moja ya chai iliyotoka kiwandani, tuseme imeuzwa dola 2 ili hesabu iwe rahisi. Kwa 160 ni shilingi 320. Kwa 129 ni shilingi 258. Zimepotea 62, na chai ni ile ile, mnunuzi ni yule yule. Kilo hiyo moja hutengenezwa kwa karibu kilo nne na nusu za majani mabichi. Gawanya. Ni karibu shilingi 14 kwa kila kilo ambayo kogo alibeba mgongoni. Shilingi kumi na nne! Kwenye mkutano ule kiwango cha dola kilipewa nusu sentensi, kikafunikwa na Musa na bahari yake.

Kwa hiyo kuna angalau mambo matano, kila moja na mwenyewe wa kuulizwa. Mengine ni ya dunia na hatuna la kufanya. Mengine ni ya Nairobi, mengine ni ya Mombasa, mengine pengine ni ya kiwanda. Ukiyafunga yote ndani ya gunia moja ukaandika "soko la dunia", hakuna anayeulizwa chochote, na hasara inateremka hadi kwa yule ambaye hana wa kumteremshia.

Kuna wenye wataniambia: aah, wewe, wakulima hawataelewa hizo nambari. Mazee. Kogo wangu anajua mizani ikimpunja nusu kilo kabla karani hajasoma. Na nyinyi vijana wa hapa stendi mnajua odi za ligi ya daraja la pili Uturuki, timu ambazo hamwezi hata kutamka majina. Mtashindwa kuelewa PF1 imeuzwa ngapi?

Nambari zenyewe zipo. Tangu 2020, korona ilipofunga ukumbi, mnada unaendeshwa kwa mtandao. Kila fungu linaloingia lina jina la kiwanda, daraja lake (BP1, PF1, PD, D1), kilo zake, na bei iliyopigwa au kukosa kupigwa. Sisemi wafuatilie jani la kogo peke yake, hilo haliwezekani, majani yote yanachanganywa kiwandani. Nasema kiwanda kitume kwa simu, kila mwezi: tuliuza mafungu mangapi, kwa dola ngapi, kwa kiwango gani cha shilingi, na mangapi yamelala. Hiyo ni meseji moja. Na wanaotwambia Mlima Kenya wanalipwa zaidi kwa sababu ya ubora, sawa, tuonyesheni kwa daraja, tujue kama ni majani yetu, ni mashine, au ni maneno. Kogo ana hisa za kiwanda. Mwenye kampuni anaomba risiti, si sadaka.

Halafu kuna mbogi inasema tung'oe chai yote tupande avokado. Mabeste zangu wawili tayari wameng'oa. Sikatai, shamba ni lao. Lakini avokado ya Hass inayoenda Ulaya kwa meli inapitia Bahari ya Shamu ile ile! Zile meli zilipozunguka Afrika 2024, matunda mengine yalifika yameiva kupita kiasi. Chai ikichelewa wiki mbili inabaki chai. Avokado ikichelewa wiki mbili unajua mwenyewe. Umetoka kwa mnyororo mmoja ukajifunga kwa mwingine, na huku pia aliyekuja na pickup kukununulia hajakuambia mzigo unaenda wapi.

Mkutano ujao tunaenda tena, mimi na kogo. Nimeandika maswali sita, la dola likiwa la kwanza, na nitawatumia yeyote anayetaka kuyabeba kwa kituo chake, Bomet, Konoin, popote. Kogo amesema swali lake la bahari atauliza mwenyewe. Ameniambia nimchapishie ile ramani, kubwa, karatasi nzima, maana anataka kumwekea yule bwana kidole juu ya Karachi.