Mvua ndiyo mchanga wetu

Wenzangu, sisi wa Wawi tuna jamaa wengi Oman. Desemba 2021 habari yao ilikuwa moja: Oman na Saudi Arabia zimefungua barabara inayoziunganisha moja kwa moja, zaidi ya kilomita 700, ikikata jangwa la Rub al-Khali. Kabla ya hapo, mwenye gari alizunguka kupitia Emirati.

Wengi walisema, "Pesa za mafuta hizo." Mimi naona jengine. Kila nchi ilijenga upande wake, na lami ya mmoja bila ya mwenzake isingefika popote. Halafu mchanga haujui kwamba barabara imeshazinduliwa. Upepo unaurudisha, na lazima uzolewe.

Pemba hatuna jangwa. Mvua ndiyo mchanga wetu. Kwa vilima vyetu hivi, masika ikishika, mtaro mmoja ulioziba unatosha kuila lami. Lakini mradi wa nje ukija, tunahesabu kilomita tu. Mkandarasi anaondoka na mashine zake na ujuzi wake, sisi tunabaki na utepe uliokatwa.

Naomba kila mkataba wa barabara utaje nafasi za wanafunzi wa uhandisi, tangu kupima udongo hadi matengenezo. Si kubeba mafaili, jamani, bali kushika vipimo. Watasema hatuna uzoefu. Tutaupata wapi, ikiwa saiti tunaiangalia nje ya uzio?

Jumuiya yetu ilidai hili sasa, kabla mkataba mwengine haujasainiwa.