Kazi haiuzishwe

Wandugu na wadada, wanafunzi wenzetu wa Goma, wa Bukavu, na nyinyi wote munaosoma na huku munatafuta feza ya kusomea,

Bei munaijua. Hakuna mahali imeandikwa, lakini munaijua. Kazi ya siku kumi iko na bei yake, kazi ya miezi mitatu iko na bei yake, na mtu anayeiomba haoni hata haya: « Kazi iko, lakini utanifikiria namna gani? » Swali hilo limezoeleka katika miji yetu sawa salamu ya asubuhi. Ni juu yake tunaandika.

Kwanza tuwajibu wale wanaosema vijana wa siku hizi hawapendi kazi. Mwisho wa Januari 2025 vita iliingia Goma, na katikati ya Februari ikafika Bukavu. Benki zikafunga milango, uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Mwezi uleule wa Januari, Marekani ikasimamisha misaada yake kwa inchi za nje, na katika Julai shirika lake la misaada, USAID, likamalizika kabisa. Mwaka 2024 Marekani peke yake ilikuwa imetoa karibu asilimia 70 ya feza za misaada ya kibinadamu zilizoingia Congo. Kwa mtu wa mbali, hizo ni habari za wakubwa. Kwa mwanafunzi wa Goma, hiyo ilikuwa minervali yake.

Tuseme vile ilikuwa. Shirika linataka kujua familia ngapi ziko Bulengo, ngapi ziko Kanyaruchinya, zinakula mara ngapi kwa siku, zinachota maji wapi. Linaita wanafunzi: enquêteurs. Mnapewa mafundisho siku mbili tatu, mnawekewa KoboCollect kwenye simu, kisha mnatembea hema kwa hema, jua juu ya kichwa, vumbi ya volkano kwenye viatu. Wiki mbili zikiisha unapata dola za kulipa sehemu ya kwanza ya minervali, na zinabaki za kununua silabi. Wengi wetu tumesoma namna hiyo. Haikuwa kazi ya kudumu, na si vizuri mji mzima kuishi kwa kuhesabu wakimbizi wake, lakini ilikuwa kazi na ilikuwa inalipa. Februari 2025 kambi za kando ya Goma zikavunjwa, mashirika yakapunguza watu, na simu zikanyamaza.

Sasa tunafanya nini? Kila kitu. Kuna wanaoendesha moto ya mtu. Mwenye moto anataka versement yake kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Mafuta ni yako, tairi likipasuka ni lako, ukikamatwa barabarani ni yako vilevile. Siku ya kwenda kalasi inakuwa siku ya deni, ndiyo maana kuna watu wa promosheni yetu tunaowaona siku ya mtihani tu. Wengine wanauzisha unite za simu chini ya mwavuli, au wanasimama na bidoni za mafuta kando ya barabara. Wadada wanasuka nywele nyumbani, wanakaanga mikate usiku ili iuzwe asubuhi. Kuna wanaovuka Petite Barrière alfajiri wakileta nyanya na maziwa kutoka Gisenyi. Na kuna wanaofundisha watoto wa watu nyumbani jioni. Hiyo tunaipenda zaidi, maana haikutoi katika vitabu na mzazi mzuri analipa kila mwisho wa mwezi. Lakini wazazi wazuri nao wamebaki wachache, kwa sababu mshahara wao ulilala ndani ya benki iliyofungwa.

Zote ni kazi za heshima. Tunakataa tu mtu atuambie « mujikaze » sawa vile hatujikazi. Feza ya biashara ndogo inaingia franka kwa franka na inatoka vilevile: chakula, kodi ya nyumba, dawa ya mtoto wa dada. Minervali, yenyewe, inaombwa kwa dola, mara moja, na noti isiwe na hata alama ya kupasuka. Mwanafunzi anaweza kufanya kazi mwaka mzima bila kulala vizuri, na siku ya kujiandikisha kwa mitihani asiwe na feza hiyo mkononi. Hapo ndipo wanaouzisha kazi wanatungojea.

Wanaiuzisha kwa njia tatu.

Ya kwanza ni ile tunaita wote « opération retour ». Unatia sahihi kwamba umepokea malipo yote, kisha unarudisha nusu kwa aliyekuingiza. Mara nyingine unarudisha kabla ya kuanza, kwa jina la « dossier » au « feza ya mafundisho ». Anayekataa hafukuzwi. Safari ijayo jina lake halitoki, basi. Hakuna karatasi, hakuna shahidi, na ukienda kulalamika unakuta anayepokea malalamiko ni rafiki wa yule unayemlalamikia.

Watu wanatuambia: bora nusu kuliko bure. Tunaelewa. Hatutamhukumu mwanafunzi aliyelipa ili asifukuzwe kwenye mtihani. Lakini tufuate hiyo feza mpaka mwisho wake. Aliyenunua nafasi anataka kurudisha alichotoa. Atarudisha wapi? Kwenye listi. Ataandika jina la mtu asiyekuwako, ataacha jina la mama aliye na watoto sita kwa sababu hana cha kumpa. Kile kinachoitwa bei ya kazi, mwisho wake kinalipwa na mtu aliyelala chini ya hema, ambaye hata hajui kwamba kulikuwa kazi ya kuuzwa. Na sisi tunajua vizuri, maana katika familia zetu kuna waliolala chini ya hema hizo.

Njia ya pili haiombi hata franka moja: inaomba miezi yako. Inaitwa staji, au « kujitolea ». Unaanza na miezi mitatu, unaongezewa mitatu, unafungua ofisi asubuhi, unaifunga jioni, unaandika ripoti ambazo mwingine anatia sahihi, na kila mara unaambiwa mradi unakuja. Staji ya kweli tunaijua: iko na mtu wa kuifuata, iko na tarehe ya mwisho, chuo kinapata ripoti. Yasiyo na hayo ni kazi isiyolipwa. Sheria ya kazi ya 16 Oktoba 2002 inakubali mtu ajaribiwe kabla ya kuajiriwa, lakini jaribio halipite miezi sita, na anayejaribiwa ni mfanyakazi wa kulipwa. Mwaka 2025 Leta ilipandisha mshahara wa chini kutoka franka 7075 mpaka 14500 kwa siku. Tunajua franka 14500 haijazi kikapu sokoni. Lakini kuna vijana wenye diploma wanaofanya siku ishirini na sita kwa mwezi na hawaoni hata hiyo ya siku moja. Wanapewa « transport », tena wakati mkubwa amekumbuka.

Njia ya tatu, wadada wanaijua na wengi wanaibeba peke yao. Mkubwa anaomba namba ya simu wakati wa kupokea karatasi. Usiku anatuma ujumbe. Anasema jina lako liko kwenye listi lakini halijakaa vizuri, muonane tuzungumze, na mahali anapotaja si ofisi.

Wasituambie ni hadithi za wasichana. Ebola ilipokuwa Kivu ya Kaskazini na Ituri, kutoka 2018 mpaka 2020, feza nyingi ziliingia Beni, Butembo na kwingine, na kazi zikafuata: kusafisha, kupika, kufuata wagonjwa, kuzungumza na watu. Septemba 2021, tume iliyoundwa na OMS yenyewe ilitoa ripoti yake. Ilihesabu watu 83 wanaosemwa kwamba waliwatumia wanawake vibaya, na 21 kati yao walikuwa wafanyakazi wa OMS. Wanawake wengi walisema jambo moja: waliahidiwa kazi, au walitishwa kuipoteza. Wengine walizaa. Wakati ule kazi zilikuwa nyingi na bado ziliuzwa kwa mwili. Sasa zimekuwa chache. Kila mtu afikiri mwenyewe bei imeenda wapi.

Sheria ya 20 Julai 2006 juu ya ubakaji na mateso ya kimwili inaadhibu pia mkubwa anayetumia cheo chake kuomba mwili. Inatoa kifungo. Na Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 36, inasema kazi ni haki na ni wajibu mtakatifu wa kila Mcongomani. Haki hainunuliwe. Tunajua mutatuuliza: nani atapokea mashtaka leo, katika mji wenye wakubwa wa namna mbili? Swali ni la haki. Lakini ushahidi uliowekwa vizuri hauozi. Ya Beni na Butembo yalijulikana kwa sababu kuna wanawake waliosema, na kuna watu waliowaandika.

Basi tunaomba nini, na kwa nani?

Kwa wakubwa wa vyuo vikuu na vyuo vya juu: mwanafunzi alipe minervali vipandevipande, kwa franka au kwa simu, kwa bei ya dola inayotangazwa ubaoni ili kila mtu aione. Mwaka 2025 franka ilipata nguvu mbele ya dola, kutoka zaidi ya 2800 mpaka chini ya 2500, lakini kuna maofisi yaliyoendelea kuhesabu dola kwa bei ya zamani. Tofauti hiyo imeingia mfuko wa nani? Na asiyemaliza kulipa asitolewe mlangoni siku ya mtihani mbele ya wenzake. Afanye mtihani, matokeo yake yangoje. Ni njia rahisi, na inawaondolea wanaouzisha kazi wateja wao wakubwa.

Kwa mashirika yaliyobaki: muandike kwenye tangazo nafasi ni ngapi na malipo ya siku ni kiasi gani. Mubandike majina ya waliochukuliwa pamoja na pointi zao. Mulipe kila mtu kwenye simu iliyo kwa jina lake, na kazi ikiisha, mtu asiyemjua msimamizi wake ampigie na kumuuliza: umebaki na kiasi gani mkononi? Munaandika ripoti ndefu sana juu ya uwazi. Swali hilo moja lingewafundisha zaidi.

Kwa Kinshasa na kwa wale wanaoushika mji: benki ni za wananchi. Mtu aliyeweka akiba yake kabla ya vita hakufanya kosa lolote, na kila dola anayoitafuta ng'ambo ya mpaka, au anayokatwa kwenye kibanda cha kutolea feza za simu, imetoka kwenye chakula na kwenye shule. Musituulize tuko upande gani kabla ya kutujibu juu ya hilo.

Na sisi wenyewe? Hatutakaa kungoja majibu yao. Tangazo linaloomba feza ya dossier si tangazo: mulipige picha na mulitume katika kikundi cha promosheni kabla mtu hajalipa. Usiache diploma yako ya asili kwa mtu, toa kopi. Ukiitwa kwa mazungumzo nje ya ofisi, usiende peke yako, na ujumbe wa usiku usiufute, hata kama unakukasirisha: upeleke kwa mtu wa pili aulinde. Staji iwe na barua yenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza. Ukifika ile ya kumaliza, aga vizuri, uende.

Tena kuna likilimba. Mama zetu wametusomesha nalo, na sisi tumeliacha tukidhani ni jambo la sokoni. Kuna promosheni ambazo zimeanza: watu kumi, kila mmoja anatoa kidogo kila wiki kutoka moto, kutoka mikate, kutoka unite, na zamu zinapangwa kufuatana na tarehe za kulipa shuleni. Aliye karibu kufukuzwa anapokea kwanza. Feza inahesabiwa mbele ya wote, daftari linashikwa na mmoja, feza inashikwa na mwingine. Mara nyingine haitoshi minervali yote, tusidanganyane. Lakini inatosha sehemu ya kwanza, na ukiwa na sehemu ya kwanza unaweza kumtazama mtu usoni wakati anakuuliza utamfikiria namna gani.

Promosheni ambazo hazijaanza, wiki hii shefu wa promosheni aite watu mwisho wa somo, dakika kumi tu. Aje na daftari.