Ubaguzi Kazini: Aliyetumwa Naye Atajibu

Vijana wengi wa Machochwe, kata ya Wilaya ya Serengeti inayopakana na Hifadhi ya Taifa, hutafuta riziki nje ya shamba na zizi: katika kambi za watalii, ujenzi, shule, hata migodini Nyamongo, Tarime. Huko mara nyingi hukutana na msimamizi kabla ya mwenye mali. Yeye ndiye hupokea barua za maombi, hupanga zamu na hutaja wa kupunguzwa. Basi, akimkataa mwombaji kwa sababu ya ukoo wake, au akimnyanyasa mama kwa kuwa ni mjamzito, nani atajibu: kampuni au yeye mwenyewe?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi au mwombaji wa kazi kwa misingi ya kabila, mahali atokako, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, umri na mingineyo. Unyanyasaji kwa misingi hiyo nao ni ubaguzi. Mfanyakazi akionyesha ushahidi wa awali, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba hakubagua. Shauri hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi: ndani ya siku 30 ikiwa ni kuachishwa kazi, siku 60 kwa migogoro mingine.

Katika shauri hilo anayedaiwa ni mwajiri. Hata hivyo, kifungu hicho hicho kinatamka kwamba mtu yeyote anayevunja makatazo hayo anatenda kosa. Kwa maoni yetu, msimamizi anayewanyanyasa wenzake asijione salama nyuma ya muhuri wa ofisi.

Na mbele ya Mungu hakuna muhuri. Nabii Ezekieli, sura ya 18, anafundisha kwamba kila mtu hubeba dhambi yake mwenyewe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulitamka kwamba kila aina ya ubaguzi katika haki za msingi za binadamu ni kinyume cha mpango wa Mungu. Katika kitubio hatuungami dhambi za kampuni, tunaungama zetu.

Kwa hiyo tuliokabidhiwa kalamu ya kuajiri, hata katika shule na zahanati za Kanisa, tujiulize kabla ya kukata jina la mtu: je, sababu hii tungethubutu kuisema mbele yake? Naye aliyebaguliwa asinyamaze hadi siku zake zikapita. Aandike tarehe, maneno na mashahidi, aende kudai haki yake.