Mtoto Aliyeruka Kutoka Ukutani

Wakati wa likizo moja tulimpokea wodini mtoto wa kiume wa miaka 6, kiwiko kimevimba kama embe. Mama alieleza kwamba mwanawe ameanguka. Mtoto akatusahihisha: hakuanguka, aliruka. Alipanda ukuta wa uani, akanyoosha mkono ili utando wa buibui utoke umshike. Haukutoka.

Kaka yake wa miaka 14 alikuwa na mchezo wa video uitwao Spider-Man 2, unaochezwa kwenye runinga kwa mashine ya PlayStation 2. Mchezo huo ulitoka mwaka 2004 pamoja na filamu ya jina hilohilo. Kwa kuwa hatupendi kukemea tusichokijua, tulipokwenda kumjulia hali nyumbani tuliomba tufundishwe kuucheza.

Tukubali kwamba unafurahisha. Mji ni New York, na shujaa hupita kati ya maghorofa akining'inia kwenye utando wake. Sisi tulimgonga ukutani mara nyingi kuliko tunavyopenda kusema. Shujaa huyo, Peter Parker, ni mwanafunzi asiye na fedha anayepeleka piza kwa wateja; akiwa njiani humrudishia mtoto anayelia puto lake, na huokoa watu. Kwa hiyo hatuungani na wanaosema mashine hizo zitupwe chooni.

Lakini kule Marekani mchezo huo ulipewa alama ya T, yaani ni wa kuanzia miaka 13. Ni wazazi wangapi wanaoitazama alama hiyo kwenye kasha? Na diski za kunakili za mitaani mara nyingi hazina hata kasha.

Kwa maoni yetu, wa kuangaliwa kwanza si yule anayecheza. Ni yule mdogo aliyekaa mkekani nyuma yake, asiyegusa kitufe hata kimoja, bali anatazama tu. Anaona shujaa akipigwa hadi nguvu zinamwisha, kisha anarudi mzima na mchezo unaendelea. Kaka anajua kuwa huo ni mchezo. Mdogo anajua nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayompandisha ukutani. Wala wasidhani wengine kuwa ni ujinga wa kwetu: mwaka 2007 madaktari wa Uingereza waliandika habari za watoto watano walioumia wakiwa wamevaa nguo za mashujaa kama hawa.

Baba, keti nao japo nusu saa. Usihubiri. Muulize yule mdogo: "Wewe ukiruka, utashikwa na nini?" Umsikilize anavyojibu. Na yule mkubwa apewe kazi ya kumweleza mdogo wake, kwa maana atamsikiliza yeye kuliko sisi. Usiku mashine izimwe mapema, watoto walale. Na kama mtoto anaduwaa ghafla au mwili unakakamaa na kutikisika mbele ya mwanga unaomweka, mchezo usimame na aletwe hospitali. Wako watoto wachache ambao mwanga wa namna hiyo huwaamshia kifafa.

Sasa tuseme lililotuumiza zaidi. Mtoto yule aliletwa kwetu siku ya tatu. Kabla ya hapo alikandwa kwa maji ya moto, kisha mkono ukafungwa vijiti kwa kitambaa kilichokazwa sana. Vidole vilikuwa baridi. Jamani, kiwiko cha mtoto kikivunjika, mshipa wa damu uko karibu sana, na kufunga kwa kukaza kunaweza kuua misuli ya mkono mzima. Msikande, msivute, msijaribu kunyoosha. Uacheni mkono jinsi ulivyo, muushikize kwa khanga bila kubana, mje siku ileile. Njiani mtazame vidole: vikiwa baridi, vikibadilika rangi, visipohisi mguso, au mtoto akilia kwa maumivu yasiyotulia, legezeni kila kilichofungwa na mwambieni muuguzi wa kwanza mtakayemkuta mlangoni.

Mkono wake ulipona, ila haunyooki sawasawa hadi leo. Kaka yake ndiye anayemleta kwa mazoezi kila wiki, na wakiwa wamekaa kwenye benchi tunamsikia akimsimulia jinsi filamu zinavyotengenezwa: kamba, mikanda, na watu wazima waliosimama chini kumdaka anayeruka.