Mlimani ndipo kundi huvunjika

Msomaji, ukisimama kando ya barabara pale Ruaka alfajiri ya Jumapili, huenda ukawaona watu wanapita kwa baiskeli, wamejipanga mmoja nyuma ya mwenzake kama siafu, ukajiuliza wana wazimu gani. Mwezi uliopita nilikuwa mmoja wao. Tulikuwa wanane, na safari ilikuwa ya karibu kilomita 100: kupanda Banana na Tigoni hadi Limuru, kupitia Uplands, kuteremkia Githunguri, kisha Kiambu na kurudi jijini kabla ya giza.

Huko kujipanga si maringo. Anayetangulia huvunja upepo, na anayemfuata kwa karibu mahali tambarare huokoa robo ya nguvu zake au hata zaidi. Ndiyo maana watu hupokezana: unakaa mbele dakika chache, kisha unajitoa kando na kurudi nyuma ya mstari. Lakini usidanganyike. Mlimani mwendo ni wa kobe, upepo si kitu, na kila mtu hubeba uzito wake mwenyewe. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, nayo Limuru imepita 2,200. Hesabu mwenyewe.

Sisi tulivunjika hata kabla ya Tigoni. Kati yetu alikuwako mwanafunzi wa chuo aliyekuja na blakmamba ya mjomba wake, ile baiskeli nyeusi nzito isiyo na giya. Sisi wenye giya tulimwambia, "Utatukuta mbele," tukaenda zetu tukitazama ukungu juu ya majani chai. (Chai ya kwanza nchini ilipandwa huko Limuru mwaka wa 1903.) Tulipofika Limuru tukaingia kibandani, tukanywa chai, tukala mandazi, tukangoja. Nusu saa ikapita. Mmoja wetu akasema twende, kijana atapanda matatu arudi kwao. Nami, nakiri, nilikuwa nimekwisha kuvaa helmeti.

Ndipo alipotokea akiisukuma baiskeli, midomo imekauka, mikono inatetemeka. Mama mwenye kibanda alimtazama mara moja tu.

"Huyu hajala," akasema.

Kweli, hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana yake mchana. Mfukoni alikuwa na nauli peke yake, na aliona haya kutuambia. Mama akampa chai yenye sukari tele na nduma mbili, kisha akatudai pesa sisi, tena kwa sauti ya kugombeza.

Jua kwamba akiba ya sukari mwilini hutosha saa mbili hivi za kazi ngumu. Ikiisha, miguu hugoma, hata uwe shujaa namna gani. Na kijana huyu alianza safari ile akiba ikiwa tayari imepungua.

Kuanzia hapo tulibadilisha mpango. Penye mlima, kijana alitangulia nasi tukafuata mwendo wake. Penye mteremko alikaa nyuma, kwa kuwa breki za blakmamba hazishiki vizuri zikilowa, na manyunyu yalikuwa yameanza. Baada ya Uplands tulipita mashamba ya chai, kabichi na nyasi za ng'ombe. Huku ni nchi ya maziwa. Chama cha ushirika cha wafugaji wa Githunguri kipo tangu 1961. Mzee mmoja mwenye gambuti, mikebe miwili ya maziwa nyuma ya blakmamba kama ile ya kijana, alitupita mlimani bila hata kuhema. Akatusalimu, akaendelea. Hakuna aliyetaja giya tena siku hiyo.

Kutoka Githunguri hadi Kiambu barabara hukata mabonde, na malori hayana huruma. Ukitaka kujaribu, beba tyubu za akiba, pampu, maji na ndizi, nawe uzidishe ndizi mbili tatu kwa ajili ya asiyekuwa nazo. Kula kabla ya kusikia njaa. Na kabla hamjaondoka, ulizeni ni nani hajala. Muulize faraghani, si mbele ya watu.

Tulifika Kiambu saa kumi, sote wanane. Kijana akashuka, akajinyoosha mgongo, akauliza Jumapili ifuatayo tungeondoka saa ngapi.